Programu ya Zamani ya Wilhelmina

Mwaka Bariadi ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya, wauzaji wa kila kitu walimiminika kutoka Mwanza, na Joakim akiwamo. Aliingia kwenye steshenari ya Wilhelmina siku ya mnada, duka limefurika walimu na wanakamati wa harusi. Shati lake la samawati lilikuwa limepauka kwa vumbi la njiani, tai imelegea shingoni. Wilhelmina, amejifunga kitenge cha njano juu ya gauni, alidhani ni mwalimu mwingine. Akamkabidhi stepla na rundo la mitihani. Joakim alibana karatasi zote, ndipo akasema amekuja kuuza programu za kompyuta.

"Ungesema mapema," Wilhelmina alimwambia.

"Ungenifukuza mapema."

Wilhelmina alikuwa na programu ya kuhariri PDF aliyoinunua zamani, mara moja, ikawa yake. Kwa programu hiyo alirekebisha majina yaliyokosewa kwenye ratiba za mazishi, akaunganisha kurasa na kutoa zisizotakiwa. Joakim alikuwa na toleo jipya la kulipiwa kila mwaka, linaloweza kusoma hata maandishi ya karatasi iliyopigwa skani. Akamwekea la majaribio, akaahidi kurudi kuona linavyokwenda.

Alirudi mara nyingi kuliko majaribio yalivyohitaji. Siku asizokuja alipiga simu, akianza na habari za toleo jipya na kuishia kumuuliza amekula nini. Alimwita Mina, baadaye Mina wangu, na Wilhelmina hakumsahihisha. Justina, dada yake waliyefanya naye kazi, akawa anatabasamu kila simu inapoita. Moyoni Wilhelmina alikwisha kuamua kununua. Si programu ile ndiyo iliyokuwa inamleta mtu huyu Bariadi?

Siku majaribio yalipokwisha, Joakim aliketi kando yake akitazama anavyofanya kazi. Mtandao ulikatika, toleo jipya likagoma. Wilhelmina akafungua la zamani na kumaliza kazi ya mteja. Joakim akamuuliza yale mambo mapya ameyatumia mara ngapi. Akakiri ni mara moja tu, tena kwa kujaribu.

"Mina, usinunue," Joakim alisema. "Ya zamani inakutosha. Ukija kubadilisha kompyuta ikakataa, hapo ndipo ufikirie upya."

Maneno yale yalimchoma. Alijibu sawa, akamgeukia mteja aliyefuata. Joakim alisimama kidogo, akaaga, akaenda zake. Jioni alipiga simu, haikupokelewa; na kesho yake vilevile. Wilhelmina alimwambia dada yake kwamba yule bwana ametafuta njia ya kiungwana ya kutorudi tena.

Justina aliendelea kupanga karatasi. Akasema muuzaji anayekataa kuuza lazima arudi ofisini mikono mitupu, akasemwe. Mtu hajitii katika hayo kwa mwanamke anayemkimbia.

Wilhelmina akatoka nje na simu yake.

"Kwa nini ulinizuia?" aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Ungekuwa unalipa kila mwaka kitu usichokitumia," Joakim alisema. "Nisingeweza kukutazama usoni."

"Basi safari zako za huku zimekwisha."

"Za kazi zimekwisha. Wamenihamishia upande wa Musoma. Hizo nyingine, Mina wangu, nilikuwa nangoja upokee simu."

Wilhelmina alifunika uso kwa upande wa kitenge, ingawa hakuna aliyekuwa akimtazama. Akamwambia Jumapili hafungui duka.

Jumapili Joakim alimkuta nje ya kanisa, amevaa shati jeupe lililonyooshwa, hana mkoba wa kazi. Alimwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Walitembea polepole kuelekea sokoni, hadi Joakim aliposimama.

"Nikimtuma baba mdogo kwenu Mwandoya, atapokewa?"

Wilhelmina alianza tena kutembea.

"Aje asubuhi," alisema. "Jua likipanda, baba anakuwa ameshatoka na ng'ombe."