Neno la Herufi Kumi na Saba

Kila siku nilikuwa na kazi tatu nyumbani: kuchota maji, kufagia chumba ambamo mama aliwasuka nywele wateja wake, na kumsomea bibi chochote alichotaka kusomewa. Macho ya bibi yalikuwa mazima, sisimizi akipita ukutani alimwona, lakini kusoma hakujua. Tarehe ya kliniki, bili ya maji, tangazo lililobandikwa mlangoni, vyote vilipitia kwangu. "Huyu ndiye miwani yangu," aliwaambia wageni, nami nikavimba kichwa.

Shuleni waliniita Kamusi. Jina hilo nililipata kwenye shindano la kila Ijumaa. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitangaza herufi ya wiki, nasi tukasaka maneno marefu yanayoanza na herufi hiyo kwenye makopo, maboksi na mifuko ya saruji. Tuliyakata, tukayabandika daftarini, na chini yake tukaandika maana. Kila herufi ilihesabiwa alama moja, na mshindi alikabidhiwa kengele ya shule aigonge wiki nzima. Aliyetilia shaka maana ya mwenzake alinyoosha mkono. Mimi hakuna aliyenipinga, maana nilisimama wima na kusema kwa sauti, hata pale nilipobahatisha. Na nilibahatisha mara nyingi, niseme ukweli. Debe tupu haliachi kuvuma.

Wiki moja ikawa zamu ya herufi C. Nilikuwa na communication, yaani mawasiliano, na circumstances, hali au mazingira ya jambo. Kila moja lilikuwa na herufi kumi na tatu. Lakini jirani yangu wa dawati, tuliyemwita Mwiba kwa ulimi wake, alikuwa amepata congratulations, yaani hongera, herufi kumi na tano. Alinionyesha daftari lake asubuhi, akanionyesha tena mchana kana kwamba nilikuwa nimesahau.

Jumatano niliporudi nyumbani nilimkuta bibi mkekani akisugua goti. Jirani yetu, fundi viatu, alikuwa amemletea vidonge vyake vilivyobaki, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, pamoja na karatasi ya maelezo iliyotoka na dawa.

"Vimemsaidia mgongo wake," bibi alisema. "Lakini nisomee kwanza, mjukuu wangu. Dawa ya mwenzio si yako. Mimi nina alsa, hivi vidonda vya tumbo, sitaki kujitafutia balaa."

Nikaikunjua karatasi. Maandishi yalikuwa madogo, Kiingereza kitupu. Katikati palikuwa na neno lililokolezwa wino: contraindications. Nilihesabu kwa vidole, nikarudia. Herufi kumi na saba. Akilini nilishamwona Mwiba akinikabidhi kengele kwa mikono yake miwili.

Chini ya neno hilo yalipangwa magonjwa: ya figo, ya moyo, na ulcers, neno nililolijua kuwa ndiyo alsa.

"Mbona husomi?" bibi akauliza. "Hilo refu unalolihesabu lina maana gani?"

Sikujua. Ningeweza kusema sijui, neno la herufi tano tu. Lakini Kamusi mzima aseme hajui? Niliitazama ile orodha ya magonjwa, nikabahatisha.

"Ni magonjwa yanayotibiwa na dawa hii, bibi."

"Na alsa imo?"

"Imo. Imeandikwa kabisa."

Bibi akacheka kwa furaha. "Kumbe nimepata dawa moja ya maumivu mawili. Niletee maji."

Akanywa viwili. Alhamisi akanywa viwili viwili asubuhi, mchana na jioni, mpaka vikaisha. Ile karatasi niliibandika nzima daftarini, nikaandika maana yangu chini yake, ili Mwiba asije akasema neno nimelitunga mwenyewe.

Ijumaa asubuhi bibi hakuweza kusimama. Alitapika vitu vyeusi kama machicha ya kahawa. Mama aliwaacha wateja na vichwa nusu nusu, akatafuta gari, tukakimbilia hospitali. Mimi nilikuwa na sare, mkoba mgongoni.

"Amekunywa dawa gani wiki hii?" daktari aliuliza.

"Za kliniki tu," mama alisema. Hakujua habari ya vidonge.

Bibi akafumbua macho. "Na vya goti. Jina silijui, daktari. Lakini vilikuwa sawa, mjukuu wangu alinisomea."

Hata katika hali ile alinitetea. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Kuna dawa za maumivu zinazochubua tumbo," daktari alisema. "Ningejua ni ipi na amekunywa ngapi, nisingepoteza muda."

Jina la dawa lilikuwa mgongoni mwangu. Nikilitoa daftari, watasoma pia ile maana niliyoiandika. Nikautazama mkono wa bibi, jinsi ulivyolegea juu ya shuka, nikafungua mkoba.

Daktari alisoma karatasi, kisha akasoma nilichoandika chini yake.

"Nani kaandika hivi?"

"Ni mimi. Sikujua maana yake, nilibahatisha. Amekunywa vinane."

"Hizi contraindications ni hali ambazo mtu akiwa nazo haruhusiwi kutumia dawa hiyo," alisema polepole. "Watengenezaji walikuwa wanamwambia mwenye alsa asiiguse." Kisha akamgeukia muuguzi, na kazi ikaanza.

Mama hakunipiga wala hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi akalia kimyakimya, na mimi ningeona afadhali fimbo.

Bibi alilazwa siku sita. Fundi viatu alikuja kila jioni, akakaa ameinamisha kichwa, akaapa kutogawa dawa tena maishani. Shuleni nilimpa mwalimu daftari na kumweleza yote. Alilisoma mpaka mwisho. "Na mimi nimekosa," alisema. "Nilihesabu herufi, sikupima maana."

Wiki moja baada ya kurudi nyumbani, bibi aliletewa dawa mpya kutoka kliniki. Alinipa karatasi yake. Niliishika bila kuikunjua.

"Bado unataka nikusomee, bibi?"

"Miwani ikiingia vumbi hufutwa, haitupwi. Soma."

Nilisoma taratibu mpaka nikafika kwenye neno concomitantly. Sikuhesabu herufi zake.

"Hili silijui, bibi."

Akanitazama, kisha akanyanyuka kutafuta viatu vyake. "Basi hatunywi mpaka tuulize."

Tulitembea pole pole hadi duka la dawa lililo mtaa wa pili, yeye akiniegemea begani.

"Kuuliza si ujinga, mjukuu wangu," alisema. "Mimi mtu mzima nakuuliza wewe, mtoto mdogo, kila siku iendayo kwa Mungu. Nimepungukiwa nini? Lakini anayejifanya anajua, makosa yake huyalipa mwingine."

Tukaingia dukani. Nilitangulia mimi, nikaiweka karatasi mezani mbele ya muuza dawa.

"Shikamoo," nikasema. "Kuna neno hapa silijui."