Masufuria ya Mtaa

Ilikuwa Julai 1993. Baridi ilikuwa kali Arusha. Mlima Meru ulikuwa umefunikwa na mawingu, na watu walifanya kazi wakiwa wamevaa makoti.

Selemani alikuwa fundi bati wa Ngarenaro. Alitengeneza majiko, ndoo na karai. Karakana yake ilikuwa katika safu moja na mafundi wengine, na kila mchana walikula pamoja katika sinia moja. Lemayian, fundi wa viatu vya matairi, ndiye aliyewaita. Aligonga ringi ya gari kwa nyundo, kisha akaita kila mtu kwa kazi yake.

"Godoro! Baiskeli! Bati! Ugali unapoa!"

Bati alikuwa Selemani.

Mwezi wa Mei Selemani alijiunga na chama kipya cha upinzani. Alichaguliwa kuwa katibu wa tawi, akapandisha bendera juu ya karakana. Kesho yake Lemayian aligonga ringi kama kawaida.

"Godoro! Baiskeli! Ugali unapoa!"

Selemani alisimama na koleo mkononi. Alisubiri. Hakuitwa.

"Lemayian, na mimi je?"

"Wewe una chama chako, bwana. Kale nao!"

Mafundi walicheka.

Lakini wenzake wa chama walikuwa wachache. Waliishi mbali, Kimandolu na Terrat, na walikutana Jumapili tu. Siku nyingine Selemani alikula peke yake, ameupa mgongo mlango. Hakuna aliyemtukana. Wala hakuna aliyezungumza naye. Mkewe, Hafidha, naye aliona mabadiliko. Wanawake aliozoea kurudi nao kutoka bombani hawakumngoja tena.

Wakati huo binti yao, Kauthar, alikuwa amechumbiwa. Ndoa ilikuwa ifungwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Pilau ya harusi inahitaji masufuria makubwa, na mtaa ulikuwa nayo. Yalitunzwa nyumbani kwa Mzee Uwesu, mjumbe wa nyumba kumi wa chama tawala. Kwa desturi ya mtaa, masufuria yakitoka kwa mjumbe, majirani huyafuata. Wanakuja kumenya vitunguu, kuchambua mchele na kuimba. Nyumba isiyopewa masufuria haipati watu.

Hafidha alikwenda kwa Mzee Uwesu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimefuata masufuria. Ni harusi ya mjukuu wako Kauthar."

Mzee Uwesu aliangalia chini. "Masufuria ni mali ya chama, Hafidha. Mimi ni mjumbe. Nikimpa mpinzani, nitaulizwa."

"Kauthar hana chama, mzee."

"Baba yake anacho. Ashushe bendera, kisha aje achukue."

Hafidha alirudi na kumweleza mumewe.

"Sishushi!" Selemani alisema. "Tutapika kwa sufuria zetu."

"Tutampikia nani?"

Selemani alichukua koti lake, akatoka nje.

Jioni Hafidha alikwenda darasa la kisomo, mahali ambapo watu wazima walijifunza kusoma. Mwalimu wao, Anjela, aliwahi kuwa karani wa mahakama. Darasa lilipokwisha, Hafidha alibaki kwenye benchi, akamweleza yote.

"Kwani upinzani ni kosa, mwalimu? Wanasema tangu uhuru chama ni kimoja."

"Si kweli," Anjela alisema. "Wakati wa uhuru tulikuwa na vyama kadhaa. Mwaka 1965 sheria ilibakiza chama kimoja Bara na kimoja Zanzibar. Mwaka 1977 vyama hivyo viwili viliungana. Mwaka jana, 1992, sheria iliruhusu tena vyama vingi. Raia anaweza kujiunga na chama, kuhama, au kukaa bila chama. Hakuna kosa hapo."

"Na masufuria?"

"Hayo tukayaulize kwa mwenyewe."

Kesho yake Anjela, Hafidha na Selemani walikwenda kwa Mzee Uwesu. Walimkuta akinywa chai na Lemayian.

"Mwalimu," Mzee Uwesu alianza, "Tume ya Rais ilipowauliza wananchi, wengi walitaka chama kimoja kiendelee. Hata mimi."

"Ni kweli, walikuwa wengi," Anjela alisema. "Lakini Tume iliona kwamba wale wachache nao wana haki. Ikapendekeza vyama vingi, na chama chako chenyewe kikakubali. Sasa niambie, mzee. Masufuria haya yalinunuliwa na nani?"

"Na mtaa. Kila nyumba ilichanga."

"Nyumba ya Selemani ilichanga?"

"Ilichanga."

"Na mifuniko aliitengeneza yeye," Lemayian alisema taratibu. "Bure."

Mzee Uwesu alimkazia macho. "Wewe nawe! Si ndiwe uliyemfukuza kwenye sinia?"

Lemayian aliinamia chai yake.

"Zamani mjumbe alisimama kwa niaba ya chama, serikali na mtaa," Anjela aliendelea. "Ndiyo maana tunavichanganya. Sasa lazima tuvitenganishe. Chama ni cha wanachama wake. Serikali ni ya raia wote. Mtaa ni wa wanaoishi humo. Masufuria ni ya mtaa."

Mzee Uwesu alizungusha kikombe chake. Chai ilikuwa imepoa.

"Basi mimi sasa ni nani?" aliuliza.

"Ni mjumbe wa chama chako. Na ni jirani wa Selemani."

Mzee aliweka kikombe chini. Kisha akatoa funguo za chumba cha masufuria mfukoni, akampa Hafidha.

Anjela alimgeukia Selemani. "Na wewe, bendera ibaki karakanani. Harusi si mkutano wa hadhara. Usimhutubie mtu anayekula pilau."

"Nimesikia, mwalimu."

Jumamosi masufuria yalitoka, na majirani wakayafuata. Hawakuja wote. Fundi wa baiskeli hakuja, na nyumba mbili za jirani zilifunga milango. Lakini wanawake wa bombani walikuja na visu vyao, na Mzee Uwesu ndiye aliyeonja chumvi. Wageni walikula wakashiba. Hakuna aliyetaja chama.

Jumatatu Selemani alifungua karakana. Alikunja bati mpaka mchana. Halafu akasikia ringi ikigongwa. Hakugeuka. Alikuwa amezoea.

"Godoro! Baiskeli!"

Kimya kilipita. Nyundo ikagonga tena.

"Bati! Mpaka tukutumie kadi? Ugali unapoa!"

Selemani aliweka koleo chini, akanawa mikono. Fundi wa baiskeli alisogea kidogo kumpa nafasi, bila kumtazama. Selemani akaketi, akamega ugali. Juu ya karakana yake bendera ilikuwa ikipepea.