Majivu ya Clifford Threlfall

Aliyeibwa alikuwa tayari marehemu. Clifford Threlfall, mwanzilishi wa Klabu ya Mapango ya Hagthwaite, alikuwa amewekwa juu ya meza ya klabu, majivu ndani ya mtungi wa shaba, kati ya sandwichi za mayai na keki ya tangawizi. Jana mchana waombolezaji walitoka nje kupiga picha ya pamoja. Waliporudi, keki ipo, Clifford hayupo.

"Leo jioni ndiyo namzika, chini ya mtofaa wangu," mjane wake, Bi Enid, alimwambia Inspekta Hester Oldroyd. "Shimo nimelichimba mwenyewe. Kila Jumapili alikuwa chini ya ardhi na wenzake. Sasa namtaka chini ya ardhi yangu."

Inspekta alichuchumaa. Pembeni mwa meza palikuwa na alama ya buti, tope la manjano.

"Hili ni la pangoni," alisema Gemma, mtunza ramani wa klabu. "Lakini usifurahi mapema, Inspekta. Hata mimi ninalo masikioni."

Inspekta akamhoji Desmond Metcalfe, rafiki mkubwa wa marehemu.

"Wakati wa picha ulikuwa wapi?"

"Mstari wa nyuma."

"Kwenye picha hupo."

"Mimi mfupi."

"Uliwahi kugombana na marehemu?"

"Kugombana, hapana. Kubishana, kila siku."

Inspekta hakupenda kumhukumu mtu kwa ufupi wake. Alimwomba Gemma amwonyeshe pango lote.

Gemma akafungua programu ya ramani. Pango likatokea kwenye skrini, mistari myembamba iliyosokotana kama tambi zilizomwagika. Inspekta akavuta kipanya taratibu. Pango likapinduka.

"Umelisimamisha kichwa chini," Gemma alisema. "Waliomo wote wameangukia dari."

"Inaweza kunionyesha kila njia ilipimwa lini?"

"Kwa rangi. Za zamani bluu, mpya nyekundu."

Pango likawa bluu tupu. Inspekta akalisogeza karibu, akaligeuza, akafuata njia moja moja bila haraka. Kule chini kabisa, nyuma ya rundo la mawe, palining'inia kimkia chekundu.

"Cha lini hiki?"

Gemma akainama. "Jana jioni! Mtu aliingia jana?"

"Mwizi gani anachora ramani ya alikoficha mali?"

"Wa klabu yetu. Hapa ukipata njia mpya usipoipima, hata chai hupewi."

"Na walioipima ni nani?"

Gemma akabonyeza. Upimaji wa pangoni hufanywa na watu wawili, na majina yalikuwa mawili: Desmond Metcalfe na Clifford Threlfall.

Desmond aliletwa mbele ya Bi Enid.

"Una haki ya kukaa kimya," Inspekta alianza.

"Nimekaa kimya miaka thelathini!"

"Miaka ipi hiyo?" Gemma aliuliza.

"Nilimwambia nyuma ya yale mawe pana njia. Akasema hamna. Kila chakula cha Krismasi, anasimama mbele ya klabu nzima, ananicheka. Mwezi uliopita nikayaondoa mawe. Njia ipo! Nikakimbia hospitali nimwambie." Desmond alifuta pua. "Nikakuta kitanda kitupu. Sikuipima. Ningepima na nani? Jana nikamwona mezani, peke yake. Nikampeleka akaone mwenyewe. Nikamfunga ncha ya futi ya kupimia shingoni mwa mtungi, tukapima, nikamwacha huko. Nisamehe, shemeji."

"Shemeji gani anaiba mtu!" Bi Enid alifoka. Kisha akamtazama. "Na alipoiona?"

"Hakubisha. Hata neno moja."



"Inspekta, mwachie akamlete," Bi Enid alisema. "Na shimo lisubiri hadi kesho. Usiku huu namtaka mezani pangu. Na mimi nina mambo ya miaka arobaini ya kumweleza."