Kioo Kilisema Nenda

Ijumaa, saa tano asubuhi. Nyuma ya saluni ya Zaitun, Kasulu mjini.

Zaitun, mkuu wa genge, alitaka kitu kimoja: betri za sola za ghala la Hashimu. Wakati wa swala ya Ijumaa walinzi huenda msikitini na tajiri wao. Bazilio ataingia na gari. Niyubahwe atabaki na kompyuta. Yeye ndiye fundi aliyeweka mtandao wa ghala lile, akalishwa hata pilau kwa shukrani. Hana haya.

"Simu za walinzi zikiwa ghalani, ruta, kile kifaa cha mtandao, inazijua," alisema Niyubahwe. "Skripti, programu yangu fupi, inaituma amri kwenye ruta, inadaka jibu. Jibu likiwa tupu, hakuna mtu."

Alipoijaribu juzi, maonyo yalijaa kwenye kioo cha kompyuta. Zaitun alimcheka. "Fundi, sitaki gazeti. Nataka NENDA au SUBIRI. Basi."

Genge zima likaangua kicheko. Niyubahwe akaona aibu, akaongeza kwenye skripti mstari wa kuyatupa maonyo yote. Sasa amri ikigoma, skripti inadaka jibu tupu na kusema NENDA. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Aliijua hatari hiyo, akanyamaza asichekwe tena.

Na Bazilio ni mume wa Esteri, dada yake Niyubahwe. Niyubahwe ndiye aliyemwingiza shemeji yake kwenye kazi hii.

Saa saba mchana. Simu iliita.

"Shemeji, kinasemaje?"

Kioo kilisema NENDA.

"Nenda."

Roho ikamsuta. Akaiandika amri ileile kwa mkono, bila skripti. Ruta ikagoma: nywila si sahihi. Hashimu alikuwa ameibadili. Kumbe ruta haikujibu lolote kuhusu walinzi.

Akaikimbilia simu. Zaitun akamshika mkono.

"Akikamatwa huku simu yake inaita na kuonyesha jina lako, tumekwisha sote. Chagua."

Niyubahwe aliiweka simu mezani. Hakulazimishwa na kisu wala bunduki.

Jioni Esteri alikuja na chupa ya uji wa kumpelekea mumewe. Walinzi walikuwa ndani. Walimvunja Bazilio taya, sasa yuko polisi.

"Hajamtaja mtu," alisema akilia. "Kaniandikia kwenye kiganja nije kwako. Asante, mwana wa mama. Bila wewe ningekuwa peke yangu."

Niyubahwe aliibeba ile chupa mpaka karibu na lango la polisi. Hapo akamrudishia dada yake, akasema tumbo linamuuma.