Mlinzi Aliyeitwa Mumiani

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia kwenye tanuri la matofali kumsaidia baba yake. Jina hilo alibandikwa na mama yake kwa kupenda kupiga soga. Lakini muhula huu alikuwa kimya. Alikanyaga udongo taratibu kama bibi kizee, na kila alipobeba matofali mawili alilazimika kuketi kwanza apumue.

"Umevaa mabuti leo?" mama aliuliza jioni, macho yakiwa yamemlegea kwa kazi za kutwa.

"Ndiyo, mama."

Haikuwa kweli. Mabuti yale ya mpira yalimpwaya, akawa anatembea kama bata na wenzake wakamcheka. Kwa hiyo aliyaficha nyuma ya rundo la kuni na kukanyaga udongo peku.

Asubuhi moja alisinzia darasani hata kabla ya kuitwa majina. Rafiki yake, msichana mpenda ubishi waliyemwita Mwanasheria, akamtikisa bega.

"Hebu toa ulimi. Mweupe! Mwenzangu, unanyonywa damu. Ni mumiani! Kwenye sinema niliyoona, maiti hufufuka usiku, humuuma mtu shingoni, akazidi kukonda asijue kwa nini. Mchana hulala. Nani hapa mtaani hulala mchana?"

Wote walimjua. Alikuwa mlinzi wa ghala, mwanamume mwenye meno yaliyochomoza, aliyerudi alfajiri na kujifungia chumbani mpaka alasiri.

"Umewahi kumwona dirishani kwako?" Mwanasheria akauliza.

Chiriku hakuwahi kumwona. Lakini kubishana na Mwanasheria kulihitaji nguvu, naye hakuwa nazo. Akaitikia kwa kichwa, kisha akajilaza juu ya dawati.

Hilo lilitosha. Wiki haikuisha kabla maneno hayajaenea mtaa mzima. Watoto walirushia mlango wa mlinzi mawe, akawa hapati usingizi. Wapangaji wenzake wakanung'unika, hata mwenye nyumba akamwambia atafute chumba kwingine. Chiriku alizisikia habari hizo, akawa anapita njia nyingine asikutane na mlinzi.

Siku chache baadaye alianguka kwenye tanuri, kizunguzungu kimemshika. Baba alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Tabibu, mama mmoja aliyekuwa amehudumia wagonjwa tangu asubuhi, alimfunua kope, akamtazama kucha, akaagiza apimwe damu na choo.

"Damu imepungua sana," alisema majibu yalipotoka.

"Ni mumiani!" Chiriku akaangua kilio.

Tabibu hakucheka. Alivua miwani, akafikicha macho.

"Mwanangu, hadithi hizo ni za kale na zimezagaa duniani. Ziko nchi za mbali ambako mtu alikonda akafa, na baadaye ndugu zake nao wakaanza kukonda. Watu wakasema marehemu anatoka kaburini kuwanyonya damu. Walifukua makaburi, wakatundika vitunguu saumu milangoni. Mara nyingi kumbe ni kifua kikuu, wameambukizana humo humo nyumbani. Hawakuwa wajinga. Waliogopa, na vipimo hawakuwa navyo. Baadaye watunzi wa vitabu na sinema wakamvika maiti yule joho na meno marefu."

"Na mimi je?"

"Njoo uchungulie." Alimsogezea hadubini. "Hilo ni yai la minyoo ya safura. Minyoo yenyewe imeng'ang'ania utumbo wako, inakunyonya. Huingilia nyayoni, mtu akikanyaga peku udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Kazini unavaa viatu?"

"Anavaa mabuti," baba akajibu upesi.

Chiriku aliinamisha uso. "Sivai, baba. Nimekuwa nikimdanganya mama. Na yule mlinzi sikumwona dirishani. Nilimsingizia."

Baba alimgeukia tabibu. "Basi hata sisi watu wazima tuna kosa letu," akasema. "Tunajisaidia kwenye matete kando ya tanuri kwa uvivu wa kuchimba choo."

Chiriku alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Wiki hiyo mafundi wa matofali walichimba choo, na mama akamtafutia mwanawe viatu vinavyomkaa. Chiriku alipopata nguvu kidogo, baba alimpeleka kwa mwenye nyumba aseme ukweli, kisha wakaenda kubisha hodi kwa mlinzi.

Mlinzi alifungua mlango, macho yakiwa mekundu. Chiriku aliungama yote.

"Mwenye nyumba amesema hutahama," akamalizia. "Nisamehe, mjomba."

Mlinzi aliegemea fremu ya mlango. "Nimekusamehe. Meno haya nimezaliwa nayo, na kazi ya usiku ndiyo niliyoipata. Mtu akiumwa asijue anaumwa nini, hutafuta wa kumbebesha lawama. Najua ulikuwa umechoka, mwanangu. Hata mimi nimechoka. Lakini uongo wa aliyechoka huumiza sawasawa na uongo wa mwingine yeyote. Ukiwa hujui, sema hujui, kisha nenda ukapimwe."

Akafunga mlango polepole. Chiriku alisikia kitanda kikilia chini ya uzito wake, akaondoka kwa kunyata ili asimwamshe.