Mistari Siyo Urembo

Gari la Munira halina kazi na miguu. Mwendo uko mkononi, breki iko mkononi. Chini ya usukani kumefungwa fimbo fupi ya chuma. Akiivuta, gari linaondoka. Akiisukuma, gari linasimama. Miguu yake imelala kimya tangu ajali ile ya zamani, lakini mikono yake inajua barabara zote za mji wa Muharraq.

Kila asubuhi mama yake, Bi Lulwa, husimama mlangoni na tasbihi. Humtazama binti yake akihama kutoka kwenye kiti cha magurudumu na kuingia garini. Munira hung'oa magurudumu ya kiti, moja moja, akayaweka nyuma. Kisha huinua kile kiunzi chepesi, akakipitisha juu ya kifua chake, akakilaza kwenye kiti cha abiria. Mama huzihesabu shanga. Hapumui vizuri mpaka mlango ufungwe.

Asubuhi hiyo alisogea hadi dirishani.

"Tambi umeziacha kwenye sahani."

"Nimeshiba, mama."

"Hukushiba, una haraka. Sasa nisikilize. Mara mbili umezibiwa mlango wa gari ukakwama, na mara mbili kaka yako ameacha kazi kuja kukutoa. Jua la mwezi huu linaua. Ukikwama tena, hizo funguo utanipa mimi. Badri atakupeleka na kukurudisha, kama zamani."

Munira alisema, "Sawa, mama." Angesema nini? Mama hakuwa na ubaya. Alikuwa na hofu, na hofu ya mzazi haina mahakama ya rufaa.

Lakini maneno yale, "kama zamani," yalimfuata njia nzima. Zamani ilikuwa ni kukaa sebuleni na mkoba magotini, akimsubiri Badri amalize kahawa. Zamani ilikuwa kuomba kupelekwa, kuomba kurudishwa, na kushukuru mara zote mbili. Tangu apate gari lake hajamwomba mtu njia. Sasa ingetosha siku moja mbaya, na yote hayo yangekwisha.

Munira anafanya kazi katika duka la miwani. Mbele ya duka kuna nafasi moja pana ya maegesho. Katikati yake imechorwa picha nyeupe ya kiti cha magurudumu. Ubavuni mwake kuna kipande cha ardhi chenye mistari mieupe iliyolala mshazari. Munira huwatania wateja: mtu amekuja kupima macho, na njiani amekanyaga picha kubwa kama meza bila kuiona.

Jirani na duka la miwani yupo kinyozi. Jirani na kinyozi kuna mgahawa wa chai wa Haji Ghuloom. Na hapo ndipo penye shughuli. Watu wa Muharraq hawashuki garini kununua chai. Mtu husimamisha gari mbele ya mgahawa, hupiga honi, na Biju, kijana wa mgahawa, hutoka mbio na sinia. Chai ya maziwa na iliki, mkate wa moto, yote hupokelewa dirishani. Injini inanguruma, kiyoyozi kinapuliza, na mwenye gari hajaukunja mguu wake. Mazoea hayo ni matamu, hakuna anayebisha. Tatizo ni kwamba magari ni mengi na mbele ya mgahawa ni padogo. Basi nafasi ile yenye mistari ndiyo huwa karibu, na ndiyo huwa wazi.

Kaka yake Munira, Badri, alilijua jambo hilo na lilimchoma. Badri ni mtu wa moto. Akiliona gari lisilo na kadi ya ruhusa kwenye nafasi ya walemavu, hulipiga picha na kuisambaza kwa simu, pamoja na matusi yaliyotungwa kwa vina. Marafiki hucheka. Mwenye gari hukasirika. Kesho yake gari lingine liko palepale. Hata hivyo Munira alimpenda kwa hasira yake, maana ilikuwa ni kwa ajili yake.

Siku hiyo duka lilifungwa mapema alasiri. Munira alitoka nje. Gari kubwa jeupe lilikuwa limesimama juu ya mistari, limebanana na mlango wake wa dereva. Paka angepita kwa shida. Taa za tahadhari zilikuwa zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima.

Garini hamkuwa na mtu. Munira aliuliza kwa kinyozi. Akatoka mwanamume mnene, shuka nyeupe shingoni, shavu moja limenyolewa, lingine limejaa povu.

"Samahani, bwana. Gari lako limeziba mlango wangu."

"Dakika moja tu, dada. Unaona mwenyewe, nimebakiza nusu ya ndevu."

"Siwezi kuingia."

"Lakini sijaegesha. Nimesimama tu. Si nimewasha taa?"

Alisema kwa adabu, tena akacheka kidogo, akamwambia kinyozi amletee dada maji. Kisha akarudi kitini. Dakika yake ikaenda kukaa huko pamoja naye, maana kinyozi alikuwa ameanza kusimulia mpira.

Kivuli kilikuwa kimeshahama. Chuma cha kusukumia magurudumu kilikuwa cha moto kiasi kwamba Munira alijifunika viganja kwa mtandio. Alifikiri kungoja. Alifikiri kugonga tena. Kichwa kilianza kumzunguka. Mwisho alitoa simu, na kidole chake kilikuwa kizito kama cha mtu anayetia sahihi hukumu yake mwenyewe.

Badri alipokea akiwa njiani. Alipoambiwa, alifoka, akasema anakuja kumfundisha adabu mtu huyo, akamwomba asikate simu asije akazimia peke yake. Munira akaiweka simu mapajani, akamsikiliza kaka yake akiendesha na kunung'unika.

Baadaye ule mngurumo ulitulia. Ikasikika honi, fupi, mara mbili. Munira akafikiri kuna foleni. Kisha akasikia kioo kinagongwa, na sauti ya mzee ikaja kwa mbali.

"Mwanangu, naomba usogee. Mke wangu anashukia upande huu. Mguu wake wa bandia hauna nafasi ya kugeuka."

Na sauti ya Badri ikajibu, karibu kabisa na sikio la Munira.

"Dakika moja tu, mzee. Sijaegesha. Taa nimewasha."

Munira aliitazama simu kama kitu kilichomuuma.

"Badri," aliita. "Uko wapi?"

"Nakuletea kinywaji baridi, dadangu. Si umesema kichwa kinakuzunguka?"

"Umesimama wapi?"

Taa za tahadhari zilisikika ndani ya simu, tik, tik, tik, sawasawa na za gari jeupe lililokuwa mbele yake. Kisha gia ikaingia. Badri alimwambia yule mzee, kwa sauti ndogo ambayo Munira hakuizoea, "Nisamehe, mzee wangu. Naondoka."

Alifika bila kinywaji. Wakati huohuo mteja wa kinyozi alikuwa anatoka, mashavu yote mawili yanang'aa. Jina lake Bwana Ghaith. Alipomwona Badri akishuka kwa kishindo, alirudi nyuma hatua moja, akingoja matusi. Matusi hayakuja. Badri alisimama na kuitazama mistari, kama mtu aliyeona jina lake limeandikwa chini.

"Niondoe gari?" aliuliza Bwana Ghaith.

"Liondoe," alisema Munira. "Kisha rudi, tafadhali. Kuna kitu nataka mkione nyote wawili."

Bwana Ghaith akaliondoa, akarudi. Munira aliufungua mlango wake mpaka mwisho. Akakisogeza kiti, akajihamisha, akang'oa magurudumu, akakiinua kiunzi na kukipitisha juu ya kifua. Alifanya polepole, ili waone. Mlango, kiti na mikono yake vilijaza nafasi yote yenye mistari. Hapakubaki hata pa kutupa kofia.

"Wewe ulidhani mistari hii ni ya nini?" alimuuliza Bwana Ghaith.

"Nilidhani ni nafasi isiyo na mwenyewe, dada. Urembo wa manispaa."

"Na wewe, kaka? Nafasi hizi zimewekwa kwa nini?"

"Ili uwe karibu na mlango," alisema Badri. "Usichoke."

"Mimi nichoke na nini? Nina magurudumu, ninyi ndio mna visigino. Sitafuti ukaribu, natafuta upana. Kama ingekuwepo nafasi pana kule mwisho kabisa, ningeegesha kule na kuja nikiimba. Mistari hii ni sehemu ya mlango wangu. Ukisimama juu yake umenifungia nje, hata kama umo garini, hata kama injini inanguruma, hata ukiwasha taa za sikukuu."

Bwana Ghaith alijishika shavu jipya. Akasema mama yake mzazi ana kadi hiyo ya maegesho, na yeye mwanawe huiazima akienda sokoni. Je, hilo nalo ni kosa?

"Mama anakuwa garini?"

"Anakuwa nyumbani, amelala."

"Basi kadi nayo ilale nyumbani. Kadi ni ya mtu, si ya gari wala ya ukoo."

Kisha akamgeukia Badri, na hapo sauti yake ikalainika. Alimkumbusha yule msichana wa juzi, aliyepigwa picha kwa sababu alishuka garini akitembea. Munira alimjua, ni mteja wao. Kadi yake ilikuwa halali. Moyo wake ni mgonjwa, hatua chache tu zinamkata pumzi. Si kila ulemavu unaonekana kwa macho. Anayekosea aambiwe kwa upole. Akikaidi, waitwe trafiki. Hiyo ni kazi yao. Matusi kwenye simu hayajawahi kusogeza gari lolote.

Badri aliinamisha kichwa. Haji Ghuloom alikuwa amesimama mlangoni kwake muda wote, glasi mkononi. Alimtazama Biju, akalitazama sinia, akaingia ndani.

Jioni, Bi Lulwa aliwakuta wote wawili uani. Uso wa binti yake uliokuwa mwekundu kwa jua ulimwambia yote. Akanyoosha mkono.

"Funguo."

Munira alizitoa mkobani. Ahadi ni deni. Lakini Badri aliingia katikati.

"Mama, kama kuna wa kunyang'anywa funguo, chukua zangu." Akamweleza: honi, mzee, mguu wa bandia, na dakika moja. Hakujipunguzia. "Huyu amekwama kwa sababu ya watu kama mimi. Ukimfungia ndani, utakuwa umemwadhibu aliyezibiwa mlango na kumwachia aliyeuziba."

Bi Lulwa alizipitisha shanga vidoleni. Kisha alichukua funguo za Badri, akazitia mfukoni mwake. "Wiki moja," alisema. "Utamwomba dada yako akupeleke. Utasubiri na mkoba magotini."

Na akasubiri. Siku ya tatu alipokuwa anamsubiri Munira nje ya duka la miwani, Haji Ghuloom alimwita. Alitaka ubao, na alisikia kijana ana maneno. Badri akaandika, safari hii bila tusi:

*Mistari siyo urembo, ni mlango wa mwenzio;*
*Honi hata iwe wimbo, hutaipata chaiyo.*

Kuanzia hapo Biju hakupeleka chai kwenye gari lolote lililosimama juu ya mistari, wala juu ya picha kama halina kadi. Madereva walipiga honi mpaka mbwa wakaitika. Biju alisimama mlangoni na sinia, akatazama mawingu yasiyokuwepo. Mmoja alitukana na kuhamia mgahawa mwingine. Haji Ghuloom akamtakia safari njema. Mmoja alijibu kwamba yeye ni dakika moja tu, akaambiwa chai nayo itachukua dakika moja, akishasogea. Wengi walisoma ubao, wakacheka, wakarudi nyuma. Bwana Ghaith ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Aligonga vioo vya wenzake kwa upole wa mtu aliyeonja aibu.

Jioni moja, wiki ya Badri ikiwa imekwisha, Bi Lulwa alisema anataka chai ya kwa Ghuloom. Alikaa kwenye kiti cha abiria, kiunzi kikapakiwa nyuma kwa ajili yake. Walipofika, gari moja lilikuwa limekanyaga mistari, likipiga honi. Hakuna aliyetoka. Dereva alitoa kichwa, akasoma, akaona gari la Munira linangoja. Akainua mkono kuomba radhi, akaondoka.

Munira aliingia taratibu. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu awe na gari, alipiga honi, moja, fupi, kama watu wengine. Biju akaja mbio na glasi mbili.

Simu ya Bi Lulwa ikalia. Ni Badri, akiuliza kama aje kuwachukua.

"Kutuchukua kutoka wapi?" alisema Bi Lulwa, akipuliza chai yake. "Mimi nipo na dereva wangu."