Sauti ya Msusi

Jua lilikuwa limeshazama, na giza lilianza kushika pembe za nyumba, pale msusi alipogundua kuwa sabuni imekwisha. Akamwacha binti yake wa miaka minne nyumbani na kumwonya kama kila siku.

"Kidoti, weka komeo. Usimfungulie mtu mpaka usikie sauti yangu."

Duka lilikuwa hatua hamsini tu.

"Karibu, mama wa mji mzima!" mwenye duka alimtania. "Shoga yangu, umetoka leo! Hebu jisikilize."

Akainua simu. Ilikuwa imefungua huduma mpya ya kampuni ya simu ya kubembeleza watoto, iliyozinduliwa asubuhi ile. Sauti ya msusi iliimba humo, laini kama pamba.

Msusi akainamisha uso. Alifurahi, lakini mtu wa haya hajui furaha aiweke wapi. Miezi miwili nyuma alikaa siku tatu katika chumba kisicho na dirisha, akimsomea fundi wa kampuni hiyo maneno ya karatasini huku akirekodiwa. Nyimbo. Hadithi. Lala, mwanangu. Mwishoni aliletewa karatasi moja iliyomtia wasiwasi. Fungua mlango. Toa komeo. Njoo hapa nilipo. Aliisoma mara thelathini: kwa upole, kwa ukali, kwa kilio.

"Kaka, mtoto anayelala atafunguaje mlango?" aliuliza siku ile.

"Wewe soma tu, dada," fundi alicheka. "Tukingoja sheria itungwe, wenzetu watatupita. Haya, bonyeza hapo penye Nakubali."

Naye akabonyeza. Kurasa zote za masharti hakuzisoma. Aliona haya kumchelewesha mtu.

"Toa komeo, mwanangu," simu ilisema.

Mwenye duka akashtuka. "He! Mbona nimeshaizima?"

Harufu ya waya ulioungua ikapita katikati yao, kama mtu aliyepita bila salamu... ikaelekea nyumbani kwa msusi.

Halafu, hatua hamsini kutoka pale, kikasikika kitu kidogo.

Ka!

Komeo.

Msusi aliiacha sabuni kaunta, akakimbia. "Kidoti!" alitaka kuita. Hakuna kilichotoka. Alijaribu tena kwa nguvu zote, ikatoka hewa tupu, kama mfuko uliotobolewa.

Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono. Kidoti alisimama kwenye upenyo, akamtazama mama yake kama unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Mama," alinong'ona, akigeukia chumbani, "kuna mtu hapa. Anafungua mdomo tu."

Kule chumbani, sauti ya msusi ikajibu taratibu.

"Funga, mwanangu. Huyo si mama."

Sentensi hiyo msusi hakuisoma kamwe.

Mlango ukafungwa. Ka!

Alipiga kwa viganja mpaka vikachubuka. Mwenye duka alifika akihema, akasukuma kwa bega, lakini mlango ule wa mbao nyepesi haukutikisika. Akapiga namba ya kampuni. Fundi mwenyewe alipokea, akaelezwa yaliyotokea.

"Dada, malalamiko ya sauti tunayapokea kwa mwenye sauti tu," alisema. "Ndiyo utaratibu wetu. Wanasheria wameupitisha."

"Atasemaje? Sauti yake mmemnyang'anya! Kuna mtoto humo ndani, huna hata haya?"

"Basi atamke neno moja tu, tumtambue. Moja tu, dada."

Mwenye duka akamwekea simu mdomoni. Msusi alihangaika kusema. Midomo ilicheza, shingo ikasimama mishipa, machozi na mate vikalowesha kioo cha simu. Wote watatu wakangoja...

Dirishani, juu ya vichwa vyao, pazia likasogea kidogo.

"Ni mimi, kaka," sauti ya msusi ikasema kutoka ndani, kwa adabu ile ile aliyokuwa nayo. "Sina malalamiko yoyote."

"Aa, ahsante, dada," fundi alisema. "Nimeshakutambua."

Akakata.

Ndani, Kidoti alicheka. Kisha taa ikazimwa. Swichi ya nyumba ile iko juu, karibu na dari, na Kidoti hajawahi kuifikia.